Kijana Huyu Aegemee Wapi?



Wako wazazi wanaotuletea kijana wa miaka 14 au 15 wakisema, "Sista, mpe dawa." Kijana amezaliwa msichana, naye husema moyoni mwake ni mvulana, au kinyume chake, wengine husema hawajioni upande wowote. Dawa ya kumgeuza hatuna, wala haipo. Wazimu pia si jina lake: tangu Januari 2022 orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani imeiondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili. Wala asichanganywe na huntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri. Hao ni wengine. Kenya iliwahesabu 1,524 katika sensa ya 2019.

Kinachotutia hofu ni yale yafuatayo nyumbani: fimbo, kufungiwa ndani, kupelekwa kwa mganga, hatimaye kufukuzwa. Mtoto aliyefukuzwa hulala stendi, na stendi haina mlezi. Sisi twaona msaada wa kwanza ni baba na mama, wala hatujaona mwingine unaoushinda. Mwaka 2010 Caitlin Ryan na wenzake walichapisha katika jarida la wauguzi utafiti wa vijana 245 wa California, baadhi yao wakiwa wa hali hii. Wale waliopokelewa na jamaa zao tangu ujana wao walikuwa na afya bora, na mawazo ya kujiua yalikuwa haba kwao. Hayo ni ya Marekani, mtasema. Sawa, lakini mtoto kutaka kula sahani moja na ndugu zake si jambo la Marekani.

Kumpokea si lazima kukubali kila asemalo. Ni kumsikiliza bila kumkatiza, kuwazuia kaka zake wasimdhihaki, kumwacha aendelee na shule. Baba akishindwa, atafutwe shangazi, mjomba au bibi. Mara nyingi bibi ndiye msikilizaji kuliko wote. Wengine hudhani Kanisa limemfungia mlango. Ni kweli hati ya Roma ya Aprili 2024 inakataa upasuaji wa kubadili jinsia, na wako wanaoishia kusoma hapo. Roma hiyo hiyo, mwaka 2023, ilijibu kwamba mtu wa hali hii aweza kubatizwa kwa masharti yale yale ya waamini wengine, mradi isiwe kwazo kwa watu.

Kijana akinyamaza kupita kiasi, akaanza kugawa vitu vyake, au akasema amechoka kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake. Aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya watoto, namba 116, haina malipo, Tanzania na Kenya pia. Na dawa ya panya, pamoja na ile ya kunyunyizia kahawa, zifungiwe kabatini leo. Ufunguo akae nao mama.