Nguvu Bila Shokapu

Vijana wengi wa Kigali wakizungumzia gari la spoti huzungumzia injini. Lina nguvu za farasi ngapi? Bomba lake linanguruma vipi? Shokapu hakuna anayeziuliza. Mimi nasema huko ni kushika mkia na kumwacha ng'ombe, na anayelipia upuuzi huo mara nyingi ni mtu anayetembea kwa miguu.

Tuanze na hiyo injini. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza hapa karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Wapinzani wangu husema: basi tuiongezee nguvu ipande vilima. Haya, imepanda. Lakini apandaye hana budi kushuka, na kwenye mteremko nguvu za injini si msaada. Kinachookoa ni breki, tairi na shokapu. Mwendo ukitoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiwi mara mbili, huwa mara nne.

Waunda magari wanalijua hilo. Volkswagen ilipotoa Golf GTI mwaka 1976, haikuishia kwenye injini, bali ilibadilisha pia springi na breki za mbele. Matoleo ya leo yanaweza kuwa na shokapu zinazojirekebisha: vihisio hupima mtikisiko, kisha kompyuta hubana au hulegeza njia ya mafuta ndani ya shokapu. Kwenye kona inakuwa ngumu, kwenye mashimo inalainika. Kazi yake ni moja: tairi lisiachane na barabara.

Kwetu mambo yamegeuzwa. Kijana anakata springi ili gari liiname, halafu anajiita dereva wa spoti. Gari la namna hiyo likipita kwenye barabara ya mawe, shokapu inagota na tairi linaruka. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Watazameni wanaoshindana katika Mountain Gorilla Rally: magari yao yameinuliwa, na shokapu zao zina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Wenye kasi ya kweli katika udongo wetu hawakati springi.

Nitaambiwa kwamba shokapu zinazojirekebisha ni za matajiri. Ni kweli, na simshauri mwanafunzi yeyote azinunue. Ninachodai ni utaratibu: kabla ya kuongeza hata farasi mmoja, badilisha shokapu zilizochoka, tairi zilizolika na breki zilizokwisha. Asiyemudu hayo hana haki ya kumudu kasi.

Tena hili ni suala la haki. Basi lililojaa abiria limefungiwa kidhibiti mwendo, lisizidi kilomita 60 kwa saa. Kwa nini mtu mmoja katika gari lake aongeze nguvu apendavyo, huku mwenye pikipiki na mama anayevuka barabara wakiomba Mungu breki zishike? Ukaguzi wa magari uwe mkali kwa springi zilizokatwa kama ulivyo kwa breki mbovu.

Kampeni yetu ya usalama barabarani inaitwa Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani. Kaulimbiu hiyo haikutaja kufika wa kwanza.