Fimbo Ina Daftari, Uonevu Je?



Mwaka wa masomo unapoanza, simama asubuhi moja katika stendi ya mabasi ya Moshi utazame. Utawaona akina baba na akina mama waliosafiri kutoka Tanga, Dar es Salaam na Singida wakishusha masanduku ya bati, magodoro, ndoo na majembe. Watoto wao wamepata nafasi ya kidato cha kwanza katika shule za bweni zilizoenea kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo. Kila mzazi ameshika fomu ya kujiunga na shule. Orodha yake imeandikwa kwa uangalifu mkubwa: shuka mbili, rimu ya karatasi, fyekeo, viatu vyeusi vya kamba.

Nami nilisimama pale na fomu kama hiyo. Niliisoma mara tatu. Sikuuona hata mstari mmoja unaosema: mtoto wako akionewa na wenzake, amwendee nani, na huyo mtu atafanya nini.

Likizo ya Juni mwanangu alirudi. Sanduku halina kufuli, shuka moja haipo, na kila alipoitwa na kaka yake aliruka na kusimama wima kama askari. Siku nne hakusema neno. Siku ya tano alimweleza mama yake kwamba "njuka", ndivyo wanavyoitwa wageni, huamshwa saa tisa za usiku kuwafulia wakubwa nguo katika baridi ya mlimani, na anayekataa humwagiwa ndoo ya maji akiwa kitandani. Nilipokwenda kuuliza, nilijibiwa kwa tabasamu: "Mzee, huo ndio ukomavu. Sote tulipitia."

Hebu tulipime jibu hilo, maana ndilo linalolinda dhuluma hii miaka yote. Wanasema walipitia wakawa watu. Je, waliotoroka shule kwa sababu hiyo wako wapi? Hao hawaitwi kwenye mahafali kusimulia. Na hao waliobaki, wamejifunza nini? Wamejifunza kwamba mdogo huteswa na mkubwa hutesa, na kwamba malipo ya kuvumilia mateso ni kupewa mtu wa kumtesa mwakani. Kisha tunashangaa tukimkuta mtu huyo ofisini, nyuma ya meza, akimnyanyasa mwananchi anayetaka huduma. Alifuzu wapi somo hilo? Alifuzu bwenini.

Wengine hutukinga na methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. La hasha! Mzazi hakulipa nauli na ada ili mwanawe akafunzwe na ulimwengu. Amempeleka kwa walimu.

Sasa tuitazame sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinasema viboko visizidi 4. Apige mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana apigwe na mwalimu mwanamke, ila kama hayupo shuleni. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Hatusemi kwamba kanuni hizo hufuatwa kila mahali. Tunasema kwamba walau zipo, na mzazi anaweza kudai aonyeshwe daftari.

Lakini kofi la kiranja linaandikwa wapi? Ndoo ya maji ya saa tisa usiku ina daftari gani? Sheria ya Elimu imeihesabu fimbo ya mwalimu, na mikono ya wanafunzi mia nne walio bwenini usiku kucha imeachiwa hisani ya atakayekuwa zamu.

Tutaambiwa kwamba ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kweli ipo, na ni sheria njema. Inakataza mtoto kuteswa na kudhalilishwa, na inampa kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki wajibu wa kuzipeleka kwa serikali ya mahali pale. Tena Serikali imeanza kuweka madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto mashuleni. Tunashukuru. Lakini jambo linaloachiwa kila mtu huishia kutofanywa na mtu, na dawati lisilo na sheria inayomwajibisha mwenye kulikalia hugeuka kuwa samani.

Jirani zetu Kenya wanatupa funzo la pande mbili. Mwezi Mei mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwachoma moto viranja 4 ndani ya chumba chao cha kulala, na wote wakafa. Tazama bwenini chuki inaweza kufika wapi isipozimwa mapema. Mwaka 2013 Kenya ilitunga Sheria ya Elimu ya Msingi inayokataza mwanafunzi kuteswa mwili au akili, kwa faini au kifungo. Hata hivyo mwaka 2017 nchi nzima ilisikia habari za wanafunzi wapya kuteswa na wakubwa wao katika shule ya Alliance, mojawapo ya shule zinazosifiwa kuliko zote. Basi kukataza peke yake hakutoshi. Sheria inayongoja mtoto aumie ndipo imwadhibu mkosaji ni nusu ya sheria.

Nusu ya pili ni kuilazimisha shule izuie kabla. Japani, baada ya mvulana wa mji wa Otsu kujiua mwaka 2011, ilitunga sheria mwaka 2013 inayoitaka kila shule iwe na mpango wake wa kuzuia uonevu na watu maalumu wa kuushughulikia, na jambo zito lichunguzwe. Ilibidi mtoto afe ndipo watu wazima waandike. Sisi twangoja nani?

Ndugu Mwislamu, wewe usijione uko kando. Sura ya Hujurati imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, nayo haikumtoa mwanafunzi wa kidato cha nne. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utoto wake, na akashuhudia kwamba hakupata kusikia kwake hata neno la kuonyesha kuchoshwa naye. Linganisha utumishi huo na wa njuka! Na Mtume alipotuamuru tumsaidie ndugu yetu aliye dhalimu, alieleza kwamba kumsaidia ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo kumzuia kiranja ni kumwokoa yeye pia. Na haya tuanze nayo katika madrasa zetu na shule zetu wenyewe, ambako mtoto mwenye kigugumizi huchekwa hadi anakiacha chuo.

Basi tunataka nini? Tunataka Bunge liongeze katika Sheria ya Elimu mambo manne. Kwanza, kila shule iwe na utaratibu ulioandikwa wa kuzuia uonevu, na uwemo katika fomu ya kujiunga. Pili, awepo mwalimu anayejulikana kwa jina wa kupokea malalamiko, na mtoto aweze kumfikia bila kupitia kwa kiranja. Tatu, kila tukio liandikwe kwenye daftari, na mzazi aarifiwe katika siku zilizowekwa. Nne, mkuu wa shule anayeficha awajibishwe.

Mpaka hapo, mzazi mwenzangu, usingoje Dodoma. Unapomshusha mtoto na sanduku lake, muulize mkuu wa shule: nani analala karibu na bweni? Mtoto wangu akionewa amwendee nani? Daftari liko wapi? Akikosa jibu, mwandikie barua, uwape nakala wazazi wenzako. Na mwanao akiwa mkubwa wa bweni, muulize yeye pia nani anamfulia nguo zake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wabillahi tawfiq.