Chema Hakijiuzi

Hakuna imani inayorudiwa kwa uhakika mkubwa miongoni mwa watangazaji, makocha na mashabiki wa futiboli ya Kimarekani kuliko hii, kwamba mchezaji mwenye uwezo ataonekana tu, hata akiwa katika chuo kidogo kisichojulikana nje ya jimbo lake, kwa kuwa timu za kulipwa zina macho kila mahali na haziwezi kuiacha mali ipotee. Waswahili nao husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na pengine ndiyo sababu hadithi za wachezaji wa aina hiyo huwagusa upesi hata wasioufuatilia mchezo wenyewe. Imani hiyo ni ya uongo, na ushahidi unaotolewa kila siku kuitetea ndio huohuo unaoivunja.

Mabishano yote huishia kwa kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi: ndiye apokeaye mpira kila timu inapojaribu kusonga mbele, akausoma mpangilio wa walinzi, na ndani ya sekunde chache akaamua kumrushia mwenzake, kumkabidhi mkononi au kukimbia nao mwenyewe. Karibu wote wanaofika NFL, ligi kuu ya kulipwa yenye timu 32, hupitia vyuo vikuu, na vyuo hivyo vimepangwa kwa madaraja yanayotofautiana sana kwa fedha. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kuwafadhili wachezaji 85 wa futiboli na cha daraja linalofuata 63, ilhali vyuo vya daraja la chini kabisa haviruhusiwi kumfadhili mtu yeyote kwa sababu ya michezo. Kila mwaka timu za NFL hukaa na kuteua chipukizi kwa zamu, na asiyeteuliwa hubaki akisubiri mwaliko wa kambi ya mazoezi, ambao unaweza kuja au usije.

Shahidi mkuu wa imani hiyo ni Kurt Warner. Alisoma Chuo Kikuu cha Northern Iowa, mjini Cedar Falls, ambako alikaa benchi hadi mwaka wake wa mwisho, 1993. Mwaka 1994 hakuteuliwa na timu yoyote. Green Bay Packers walimwita kambini, wakamtazama, wakamwacha. Akarudi Cedar Falls kupanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka la Hy-Vee kwa dola 5.50 kwa saa, kisha akachezea Iowa Barnstormers katika futiboli ya ndani ya ukumbi, mchezo wenye uwanja wa yadi 50 tu na wachezaji wanane kila upande, na mwaka 1998 akapelekwa Amsterdam katika ligi ya Ulaya iliyokuwa ikiendeshwa na NFL. Msimu huohuo wa 1998 aliingia kikosi cha St. Louis Rams, akarusha pasi 11 kwa msimu mzima. Mwaka uliofuata mwenzake Trent Green aliumia goti katika mechi ya majaribio ya Agosti, Warner akashika nafasi, akarusha pasi 41 za tachidauni, yaani pasi zinazopokelewa hadi eneo la mwisho la wapinzani na kuleta alama sita, akatangazwa mchezaji bora wa ligi, na tarehe 30 Januari 2000 akatwaa ubingwa katika fainali iitwayo Super Bowl. Mwaka 2017 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Wanaoisimulia habari hii kama ushindi wa kipaji huruka jambo moja lililotokea miezi michache kabla ya goti la Green kuumia. Mwanzoni mwa 1999 timu ya Cleveland Browns ilikuwa ikiundwa upya, na kila timu ya ligi ilitakiwa kutoa orodha ya wachezaji watano ambao Cleveland ingeweza kuwachukua bila kipingamizi. Rams walimweka Warner katika orodha yao. Cleveland, timu isiyokuwa na kikosi na iliyokuwa ikihitaji kila kitu, ikamwacha. Kwa hiyo mchezaji bora wa msimu uliofuata alikuwa amewekwa mezani wazi, jina na rekodi vikionekana, na wataalamu wa timu mbili wakakubaliana kwamba hana thamani ya kushindaniwa. Kuonekana alionekana kwa miaka mitano mfululizo, na macho hayo yanayosifiwa yote yalimpita. Kilichobadilisha maisha yake ni kuumia kwa mtu mwingine, na kama goti lile lisingeumia, yamkini leo asingejulikana na mtu yeyote nje ya Iowa.

Ipo sababu ya kimsingi inayolifanya kosa hili lijirudie katika nafasi ya kwotabeki kuliko nafasi nyingine zote. Mkimbiaji au mlinzi asiye na jina anaweza kuingizwa kwa dakika chache, au kutumwa kwenye vikosi vinavyocheza wakati wa mikwaju, akaonyesha alichonacho hata kama hajapangwa kuanza. Kwotabeki hana mlango huo, kwa sababu mmoja tu ndiye huwa uwanjani na makocha hawapendi kumbadilisha mpaka aumie au ashindwe kabisa. Hata mazoezini karibu mpira wote hupewa anayetarajiwa kuanza, na wa tatu hubaki kusimama pembeni na kuiga mbinu za wapinzani wa wiki ijayo. Aliyeteuliwa mapema kutoka chuo kikubwa hupewa misimu kadhaa ya kukosea na kujifunza, kwa sababu fedha zimekwishatumika na aliyemchagua atalazimika kuulizwa. Wa chuo kidogo hupimwa kwa pasi chache za Agosti, kisha matokeo hayo mawili hulinganishwa kana kwamba yametoka katika mtihani mmoja.

Tony Romo, wa Eastern Illinois, naye hakuteuliwa mwaka 2003, na alikaa Dallas Cowboys misimu mitatu bila kurusha pasi hata moja katika mechi rasmi. Aliyekuwa akimtetea ndani ya timu hiyo alikuwa kocha msaidizi Sean Payton, ambaye naye aliwahi kuwa kwotabeki wa Eastern Illinois. Wapo vijana wangapi ambao chuo chao hakijawahi kutoa kocha wa NFL?

Na pale ambapo uwezo ulionekana mbele ya maelfu ya watu, bado haukutosha. Marlin Briscoe alitoka Chuo Kikuu cha Omaha, Nebraska, na mwaka 1968 aliteuliwa na Denver Broncos katika duru ya 14, wakati huo timu hiyo ikiwa katika ligi ya AFL iliyoungana baadaye na NFL. Hawakumteua kama kwotabeki, walimtaka awe mlinzi, maana wenye timu wa enzi hizo hawakuamini kwamba mtu mweusi anaweza kukabidhiwa kazi ya kufikiri na kuamrisha. Alidai kwanza apewe siku tatu za kujaribiwa katika nafasi yake, na wenzake waliposhindwa au kuumia akapewa mpira, akarusha pasi 14 za tachidauni, idadi ambayo hakuna chipukizi wa Denver aliyekuwa ameifikia. Mwaka uliofuata makwotabeki wa Denver walifanya mkutano bila kumwita. Akaomba aachiwe, akaenda Buffalo kuwa mpokeaji wa pasi, akawa nyota huko pia, na hakuanza tena mechi hata moja kama kwotabeki.

Watetezi wa imani hiyo watamtaja Steve McNair, na ni haki atajwe. Alitoka Alcorn State, chuo cha kihistoria cha watu weusi katika jimbo la Mississippi, akateuliwa wa tatu kwa jumla mwaka 1995, na ndiye aliyekuwa kwotabeki wa Tennessee Titans walioshindwa na Warner 23 kwa 16 katika fainali hiyo ya 2000, mpira ukizuiwa yadi moja kabla ya eneo la mwisho. Lakini McNair alilazimika kusonga mbele zaidi ya yadi 5,000 katika msimu mmoja ili aaminiwe, kiwango ambacho hakuna anayekidai kwa kijana wa vyuo vikubwa kama Alabama au Ohio State. Cam Ward, aliyeteuliwa wa kwanza kwa jumla mwaka 2025, ni ushahidi dhaifu zaidi: alipomaliza shule ya sekondari huko Texas, ambako timu yake ilicheza mtindo wa kukimbia na mpira badala ya kurusha, hakuna chuo kikubwa kilichompa ufadhili. Alianzia Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio, akahamia Washington State, akahamia tena Miami, na ni baada ya kutoka kabisa katika daraja la vyuo vidogo ndipo alipokuwa wa kwanza.

Ubaya wa imani hii si wa kinadharia, kwa sababu wanaoiamini huwa hawaoni haja ya kuzilinda njia alizopitia Warner. NFL ilifunga ligi yake ya Ulaya mwaka 2007 kwa hoja ya hasara. Ligi ya futiboli ya ukumbini alimojifunzia kurusha upesi ilisimama mwaka 2009, ikafufuliwa, kisha ikafungwa mwaka 2019. Mwaka 2021, msimu uliporefushwa hadi mechi 17 ili mapato yaongezeke, mechi za majaribio za Agosti zilipunguzwa kutoka nne hadi tatu, na wenye ligi walizungumza kana kwamba kilichoondolewa ni mechi zisizo na maana kwa mtu yeyote. Nyota wa timu hawakupoteza chochote, kwani wengi wao huwa hawazichezi kabisa mechi hizo. Muda uliofutwa ni wa kwotabeki wa tatu na wa nne, aghalabu mtu ambaye hakuteuliwa, na ndio muda pekee ambao kocha angeweza kumwona akicheza.