Bakuli Lenye Tundu

Msafiri apitaye katika barabara za nchi yetu hakosi kukuta vitu vidogo vya kumsimamisha njiani, ambavyo havimo katika orodha ya mbuga za wanyama wala ya majumba ya makumbusho. Kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, karibu na Mai Mahiu, kiko kikanisa kilichojengwa na mateka wa vita wa Kitaliano mwaka 1942, wakati walipokuwa wakitengeneza barabara ile. Huko Ilesi, katika Kaunti ya Kakamega, uko mwamba mrefu unaotiririsha maji, nao watu huuita jiwe liliao. Na karibu na mji wa Nanyuki, pale barabara inapoukata mstari wa ikweta, liko bango kubwa, na kando ya bango wako watu wenye bakuli lenye tundu.

Vitu hivi vitatu havilingani. Kikanisa kinatoa historia. Aingiaye humo hujifunza kwamba vita vya wakubwa wa Ulaya vilileta watu hata kwenye miamba yetu. Jiwe la Ilesi linatoa ngano. Mzee asimuliapo sababu ya jiwe kulia, msikilizaji ajua kuwa yumo ndani ya hadithi, wala hapunjwi kitu. Lakini bakuli la ikweta hudai kuwa linatoa elimu. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu nalo, maana elimu hiyo ni ya uongo, na miongoni mwa wanaopelekwa kuipokea ni watoto wa shule.

Mchezo wenyewe ni huu. Mwonyeshaji hujaza maji bakulini, akaelezea juu yake kijiti cha kiberiti. Huenda hatua ishirini kaskazini mwa mstari, akazibua tundu. Maji yashukapo, kijiti huzunguka upande mmoja. Huja hatua ishirini kusini; kijiti huzunguka upande wa pili. Kisha husimama juu ya mstari; maji hushuka wima na kijiti hutulia. Watazamaji hupiga makofi, mwalimu huinamisha kichwa kukubali, na madaftarini huandikwa maneno mawili: nguvu ya Coriolis. Mchezo huo huo huchezwa pia Kayabwe, nchini Uganda, katika barabara iendayo Masaka.

Sasa tuulize: je, nguvu hiyo ipo? Naam, ipo. Imepewa jina la Gaspard-Gustave de Coriolis, Mfaransa aliyeandika habari zake mwaka 1835. Dunia huzunguka mara moja kwa siku, na vyote vilivyo juu yake huchukuliwa katika mzunguko huo. Kwa sababu hiyo upepo unaosafiri mbali hupotolewa njia: kaskazini mwa ikweta huelekea kulia, na kusini huelekea kushoto. Tufani ya Idai, iliyoupiga mji wa Beira nchini Msumbiji mwezi Machi mwaka 2019, ilizunguka kwa mwendo wa akrabu za saa kwa kuwa ilikuwa kusini. Walakini tufani hiyo ilikuwa na upana wa mamia ya kilomita, nayo ilidumu kwa siku nyingi. Bakuli lina upana wa shibiri mbili, na maji yake humalizika kabla mtu hajamaliza kumenya chungwa.

Tupige hesabu, maana hesabu haina aibu wala upendeleo. Katika ncha za dunia, maji yaliyotulia bakulini yana mzunguko mmoja kwa siku. Kadiri mtu anavyoikaribia ikweta ndivyo mzunguko huo unavyopungua, na juu ya mstari haupo kabisa. Mtu akisimama mita 20 kutoka mstarini, mzunguko alioazimwa na dunia ni mdogo hata ungehitaji miaka zaidi ya 800 kukamilisha duara moja. Miaka mia nane! Naye mwonyeshaji hukamilisha duara kwa sekunde chache. Ama dunia imeongeza mbio kwa ajili ya wageni wa Nanyuki, ama mkono wa mtu umeisaidia.

Na mkono wa mtu ndio. Maji yakimiminwa kutoka ukingo wa kulia huanza kuzunguka upande mmoja. Yakimiminwa kutoka ukingo wa kushoto huzunguka upande wa pili. Hata kugeuka kwa mbebaji ili awakabili watazamaji kwatosha kuyatia maji mzunguko usioonekana, ambao hudhihirika yanapokusanyika tunduni. Tena aghalabu watazamaji huambiwa kwamba upande wa kaskazini maji huzunguka kwa mwendo wa akrabu za saa. Nguvu ya kweli ingeyazungusha maji ya kaskazini kinyume cha akrabu. Basi hata uongo wenyewe umekosea njia.

Wako waliolipima jambo hili kwa uaminifu. Mwaka 1962, huko Marekani karibu na mji wa Boston, profesa mmoja aitwaye Ascher Shapiro alijaza maji katika tangi la upana wa karibu mita 2, akalifunika na kuyaacha maji yatulie kwa muda wa saa 24, kisha akayaachia kupitia kitundu kidogo. Maji yalichukua dakika kama 20 kwisha, na mzunguko ulionekana mwishoni tu, kinyume cha akrabu za saa. Mwaka 1965 wataalamu wengine walifanya vivyo hivyo katika mji wa Sydney, Australia, na huko maji yakazunguka kwa mwendo wa akrabu. Hebu fikiri: Boston ni mbali mno na ikweta, ambako nguvu hiyo ni kubwa, na hata hivyo alihitajiwa mtu wa kungoja siku nzima. Nanyuki hakuna angojaye hata dakika tano.

Nawaambia hasa ninyi wanafunzi wa mitaa ya Eastlands, wa Makadara na Jericho, Kaloleni na Umoja, Kayole na Dandora, kwamba hamhitaji nauli ya Nanyuki ili kulijua jambo hili. Nairobi yenyewe iko kusini mwa ikweta, yapata kilomita 140 kutoka mstarini. Ikiwa maneno ya bakuli ni ya kweli, kila sinki na kila karai lililotoboka kutoka Shauri Moyo hadi Komarock lapasa kuzungusha maji yake upande mmoja tu. Jaribuni. Najua kwamba katika mitaa mingi maji ni haba, na mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa fedha; basi tumieni maji ya kufulia kabla hayajamwagwa. Tieni maji katika beseni kuukuu lenye tundu mara kumi, mara tano kwa kuyamimina kutoka kulia na mara tano kutoka kushoto, na kila mara mwandike upande yaliozungukia. Mtaona kwamba maji humtii aliyeyamimina. Karatasi hiyo yenye mistari kumi, iliyoandikwa uani penu kwa penseli, itakuwa na elimu kubwa kuliko safari nzima ya basi.

Wako watakaonijibu kwamba yule mtu anatafuta riziki, na kwamba si vema kumtilia mchanga chakulani. Nakubali kwamba riziki ni jambo zito, na simtukani mtu asimamaye juani mchana kutwa. Wala cheti auzacho msafiri aliyevuka mstari si kibaya, kwa kuwa msafiri ameuvuka kweli. Lakini anayeuza maziwa naye anatafuta riziki, na bado twamkataza kutia maji katika maziwa. Kwa nini basi tuwe wakali juu ya kikombe cha chai, tuwe wapole juu ya akili ya mtoto? Wengine watasema: huu ni mchezo tu, nani aliyeumia? Mchezo huitwa mchezo. Mfanya mazingaombwe husema kwamba ni mazingaombwe, nasi twacheka pamoja naye. Huyu wa bakuli hutumia jina la sayansi, na lawama yangu kubwa humwangukia mwalimu asimamaye nyuma ya wanafunzi wake na kukubali kwa kichwa. Mwonyeshaji ana udhuru wa njaa. Mwalimu ana udhuru gani?

Ni nani basi aliyeumia? Nitawaambia. Kandokando ya vituo vya mabasi vya Nairobi wamekuwako siku nyingi watu wa pata potea, wenye karata tatu na vidole vyepesi. Mtoto wa mjini huonywa mapema asiweke shilingi yake pale, kwa kuwa jicho huona karata ambayo mkono umekwisha kuihamisha. Kisha mtoto huyo huyo hupakiwa katika basi la shule, akasafirishwa karibu kilomita 200, akasimamishwa mbele ya mkono mwingine mwepesi, akaambiwa: amini, kwa maana umeona kwa macho yako. Hilo ni funzo la hatari. Kesho atakuja muuza dawa ya chupa moja iponyayo maradhi arobaini, naye atamwonyesha mtu aliyepona. Keshokutwa atakuja mwenye mpango wa kuzidisha fedha maradufu kwa mwezi mmoja, naye atamwonyesha mtu aliyelipwa. Aliyezoea kuulizia jinsi jambo lilivyofanywa ataokoka. Aliyezoezwa kupiga makofi atatoa akiba ya mama yake.

Wala asifikiri mtu kwamba dawa yake ni kukataa kila tulionalo. Mwaka 1848 Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na mwaka 1849 mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Walipopeleka habari Ulaya, mwanajiografia wa London aitwaye Desborough Cooley, ambaye hakuwa amefika huku, alikana kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Wa bakuli huamini bila kupima, naye Cooley alikana bila kupima. Kosa lao ni moja.

Na ajabu ya mwisho ni hii, kwamba mahali pale hapahitaji uongo hata kidogo. Asubuhi ya mawingu machache, aliyesimama Nanyuki huuona Mlima Kenya, wenye kilele cha mita 5,199, na barafu yake inayozidi kupungua mwaka hata mwaka. Karibu na tarehe 20 Machi, na tena karibu na tarehe 22 Septemba, yapata saa sita na nusu ya mchana, jua husimama juu ya utosi, na kijiti kilichosimikwa wima hupoteza kivuli chake. Hapo hapana mkono wa mtu.

Tena iko ajabu moja tunayoibeba vinywani bila kuitambua, nayo ni saa yetu ya Kiswahili. Twahesabu saa ya kwanza tangu kucha, na saa ya kwanza ya usiku tangu kuchwa. Hesabu hiyo yawezekana kwa sababu sisi ni jirani wa ikweta: mwaka mzima mapambazuko yetu hayapishani kwa zaidi ya nusu saa hivi. Huko London jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja ya alfajiri, na la Desemba baada ya saa mbili ya asubuhi. Saa yetu ingepotea njia huko. Kila mtoto wa Eastlands asemaye “saa moja” anapotoka kwenda shule anaitaja ikweta kwa ulimi wake. Mwonyeshaji atakayewaeleza wageni jambo hilo, na kuwasimikia kijiti juani, atastahili kulipwa mara mbili.

Basi neno langu ni hili. Shule zisitoe tena fedha za wazazi kwa ajili ya bakuli, ila kwa masharti kwamba mwonyeshaji akubali maji yatulie, na wanafunzi wamimine kwa mikono yao wenyewe. Akikubali, tutajifunza pamoja naye. Akikataa, tumwage kwa heri, tuutazame mlima. Na ninyi wanafunzi, mwalimu wenu akisema jambo, hata nikiwa ni mimi, ulizeni kwa adabu: twaweza kulipima vipi? Mwalimu anayeichukia swali hilo amekwisha kuacha kazi yake, ijapokuwa bado anashika chaki.