Risala ya wanafunzi wa shahada ya fiziotherapia kwa mgeni rasmi, Siku ya Fiziotherapia Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri wetu,
Wafiziotherapia mlioacha wagonjwa wodini mkaja kutusikiliza,
Wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu wa leo tarehe 8 Septemba, siku ambayo kada yetu huadhimishwa duniani tangu mwaka 1996. Kwa kawaida risala ya siku kama hii hueleza mafanikio. Mafanikio tunayo, na mengine umeyaona asubuhi ulipopita kwenye mabanda. Lakini wanafunzi wa miaka yote minne tulikaa tukakubaliana kwamba safari hii tuseme yanayotusibu, kwa sababu wenye uwezo wa kuyaondoa wote wameketi hapa mbele.

Dai letu kubwa ni moja. Tunataka kufundishwa kazi hii kwenye mwili wa mgonjwa, mbele ya macho ya mtu anayeijua. Karibu yote tutakayoyasema baada ya hapa yanatoka humo.

Katika maabara ya vitendo tunapimana magoti sisi kwa sisi. Goti la kijana mwenye afya linakunjika hadi digrii 135 bila shida yoyote, goniometa inasomeka vizuri, mwalimu anaweka vema, tunaendelea na kiungo kingine. Kisha tunapelekwa wodini. Tunamkuta dereva wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa paja, amelala wiki kadhaa mguu ukivutwa kwa uzito, na goti lake linagoma hata halijafika nusu ya safari. Hapo suala si digrii tena. Linagoma kwa sababu gani? Ni maumivu? Ni misuli iliyojikaza kwa hofu? Ni kovu lililoshikamana ndani, au ni mfupa ambao bado haujaunga vizuri? Kila sababu ina mguso wake mkononi, na kila mguso una matibabu yake. Kovu utalisukuma kidogo kidogo kila siku. Mfupa usiounga ukiusukuma umemrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji. Mguso huo haumo kwenye slaidi. Hufundishwa pale mwalimu anapoweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi akamwambia: hapa, ulipouhisi, simama.

Ndivyo ilivyo hata katika kupima nguvu za misuli, kazi ambayo mtu wa nje angeiona nyepesi. Tunatumia kipimo cha 0 hadi 5. Sifuri maana yake msuli hauna dalili yoyote ya kufanya kazi. Moja maana yake msuli unashtuka kidogo chini ya kidole, ingawa kiungo hakisogei. Mgonjwa wa kiharusi mwenye sifuri na mwenye moja wanafanana kabisa machoni pa ndugu waliokaa kando ya kitanda, na pengine ndugu hao wameshakata tamaa. Kidole kilichofunzwa ndicho kinachogundua kwamba kuna pa kuanzia. Sisi tumefaulu mitihani ya kipimo hicho tukiwa tumewapima wenzetu darasani, ambao wote wana 5.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hali halisi ya mafunzo kwa vitendo ni hii. Tunafika hospitali wengi kwa pamoja, na idara ya fiziotherapia ina wataalamu wachache wenye foleni ya wagonjwa tangu alfajiri. Hatuwalaumu. Mtu anayepokea wagonjwa kuanzia asubuhi hadi jioni, mgongo wake mwenyewe ukiuma kwa kuinua wasioweza kujiinua, hana nafasi ya kusimama nyuma ya kila mwanafunzi. Matokeo yake, madaftari yetu ya kliniki hurundikwa mezani siku ya Ijumaa, na msimamizi husaini kurasa za kazi ambazo hakuziona zikifanyika. Mgonjwa aliyetajwa kwenye ukurasa ameguswa na mwanafunzi peke yake, au na mwanafunzi aliyeelekezwa na mwanafunzi wa mwaka wa mbele yake.

Tunaomba jambo hili lisichukuliwe kama lalamiko la kupungukiwa alama tu. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga akasema tafu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mwanafunzi mwenye huruma, asiye na mtu wa kumzuia, atalikanda ili kumpunguzia maumivu. Bonge lile likichomoka likafika mapafuni, mgonjwa anaweza kufariki mle mle wodini. Mwenye kada hii hutakiwa kujua lini aguse na lini aondoe mikono amwite daktari, na maarifa hayo hatutaki kuyapata kwa kubahatisha juu ya mzazi wa mtu.

Kwa hiyo tunadai chuo kiajiri wakufunzi wa kliniki, watu wa kada yetu ambao kazi yao itakuwa kukaa hospitali na wanafunzi, kundi lisilozidi wanafunzi watano kwa mkufunzi mmoja. Tunadai pia saa za kliniki ziwekewe kiwango, zihesabiwe, na zihakikiwe na aliyezishuhudia. Uingereza mwanafunzi wa fiziotherapia hahitimu bila kutimiza walau saa 1,000 za mafunzo ya kliniki. Hatuombi chuo kiige kila kitu cha huko, lakini mgonjwa wa Tanzania hastahili mtaalamu aliyefundishwa kwa saa chache kuliko huyo, hasa kwa kuwa huku mtaalamu huyo mara nyingi atapangwa hospitali ambako yuko peke yake, bila mkubwa wa kumuuliza.

Kuhusu anatomia, tuna uchungu ambao tumeubeba tangu mwaka wa kwanza. Miili ya kufundishia tunatumia pamoja na wenzetu wa udaktari, na ratiba huwatanguliza wao. Tunapoingia sisi jioni, mkono umeshapasuliwa na kupekuliwa, na neva za kwapani, zile zinazotoka shingoni kwenda mkononi, zimekatika, hazifuatiki tena. Neva hizo ndizo hujeruhiwa mtoto anapovutwa vibaya wakati wa kuzaliwa, na mtoto yule mwenye mkono ulionyong'onyea ataletwa kwetu. Mikono, miguu na mgongo ndiyo maisha yetu yote ya kazi. Tunaomba tupewe zamu yetu ya kupasua, si zamu ya kutazama yaliyopasuliwa.

Vifaa tutavitaja kwa ufupi, maana orodha kamili tumeiambatanisha. Mashine za umeme wa kutuliza maumivu zipo ila hazina elektrodi. Vitanda vya tiba vimekwama kwenye kimo kimoja, na mwanafunzi anafunzwa kuinama vibaya na somo lile lile linalomkataza kuinama vibaya. Viti mwendo vya kufundishia havina breki. Mengi ya haya hayahitaji bajeti mpya, yanahitaji fundi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Lipo jambo ambalo wanafunzi wa kike wametutuma tulisome kama lilivyo, bila kulipunguza. Masomo ya vitendo hutulazimu kuvua nguo tukabaki na bukta na singilendi ili mgongo, bega na paja vionekane. Chumba chetu hakina pazia kati ya kitanda na kitanda, hakina mahali pa kubadilishia, na madirisha yake yanaangalia njia wanayopita watu wote. Wapo wanaojitoa kuwa wa kufanyiwa zoezi ili kulinda heshima yao, wakahesabiwa kuwa hawashiriki. Tunaomba mapazia, chumba cha kubadilishia, na uhuru wa kuchagua mwenza wa jinsia yako bila kupunguziwa alama. Tunaomba haya kwa ajili yetu, na kwa ajili ya wagonjwa pia. Mwanafunzi aliyezoeshwa miaka minne kwamba mwili wa mtu waweza kulazwa wazi mbele ya kadamnasi atakwenda kumfunua bibi wa watu wodini bila kumwomba ruhusa.

Tunakuja kwenye yale tunayofundishwa. Vitabu vyetu vingi vimeandikwa kwa ajili ya mgonjwa anayelala kitanda cha kunyanyuliwa, mwenye choo cha kukalia na ngazi yenye mhimili wa kushika. Baada ya kubadilishiwa goti, malengo yanayoandikwa ni kupanda ngazi na kushuka kwenye gari. Lakini mzee wa pwani mwenye goti bovu hutuuliza kama ataweza tena kusujudu. Mama wa kijijini anauliza kuhusu choo cha kuchuchumaa, kuhusu kukaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, kuhusu ndoo ya maji kutoka bombani hadi nyumbani. Tumemaliza mihula bila kufundishwa namna salama ya kumwinua mtu aliyepooza kutoka kwenye mkeka chini, na huko ndiko wengi wanakolala. Ndugu wasiojua humvuta kwa mkono ule ule uliolegea, bega linaachia, na maumivu ya bega yanadumu kuliko kiharusi chenyewe.

Tunaomba mtaala uweke muhula wa utengamao katika jamii, tutoke na wahudumu wa afya ngazi ya jamii tukaingie majumbani. Tunaomba pia chuo kiingie makubaliano na taasisi ambazo tayari zinaifanya kazi hii vizuri. CCBRT Dar es Salaam inatibu watoto wenye mguu kifundo kwa njia ya Ponseti: plasta hubadilishwa kila wiki hadi mguu unyooke, kisha viatu maalumu vya kulala navyo kwa miaka. TATCOT iliyoko Moshi inafundisha mafundi sanifu wa viungo bandia tangu mwaka 1981. Mwanafunzi wetu atamfundishaje mtu kutembea na mguu wa bandia ambao hajawahi kuuona ukitengenezwa?

Posho ya mafunzo kwa vitendo tunaomba itoke kabla hatujaripoti hospitali. Ikitoka baada ya mafunzo kwisha, mwenzetu aliyepangwa mkoa asiko na ndugu ameshakopa nauli, ameshalala kwa hisani ya watu, na siku nyingine ameshinda na chai akisaidia kuwageuza wagonjwa wenye uzito kuliko yeye.

Kwa Wizara tuna neno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya ambazo zingenufaika na huduma za utengamao, na kwamba nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuimarisha huduma hizi. Majirani zetu Kenya wana sheria ya wafiziotherapia tangu mwaka 2014, yenye baraza lao la kusimamia mafunzo na leseni. Tunaomba kada yetu iwe na sauti yake pale mitaala na leseni zinapoamuliwa, na kila hospitali ya wilaya iwe na nafasi ya mfiziotherapia kwenye ikama yake, iliyojazwa. Dereva yule wa bodaboda akiruhusiwa kurudi kwao na goti lisilokunjika, na kwao hakuna wa kuliendeleza, kazi yote ya daktari wa mifupa imeishia njiani.

Tumechagua wawakilishi wanne, mmoja kwa kila mwaka wa masomo, watakaokutana na uongozi. Tunaomba kikao hicho kifanyike kabla ya ratiba ya muhula ujao kupangwa, majibu yatolewe kwa maandishi, na suala la wakufunzi wa kliniki liwe la kwanza kwenye ajenda. Katika hilo hatutakubali kuambiwa tusubiri bajeti nyingine, kwa kuwa kundi linalofuata linaripoti wodini muhula huo huo.

Tunaomba kuwasilisha.