Uwanja Waweza Kuhamishwa, Makaburi Hayahami

Kuna swali ambalo wakuu wa miji hupenda kulifanya la wahandisi peke yao: uwanja wa michezo ujengwe wapi? Huleta ramani na picha za kupendeza, wakataja ajira zitakazopatikana, kisha wakamtaka mwananchi apige makofi. Sisi twasema swali hilo ni la haki kabla ya kuwa la uhandisi. Anayeamua uwanja ujengwe wapi ameamua pia ni ardhi ya nani itatwaliwa, ni kodi ya nani italipa, na ni kumbukumbu za nani zitafukiwa. Ushahidi wetu twautoa katika jiji la Richmond, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Huko shauri hili lilipiganwa hadharani, na ardhi iliyogombewa ilikuwa imebeba machozi ya watu wa asili ya bara letu.

Ndugu msomaji, yafaa kwanza tueleze mambo yalivyo. Katika mchezo wa besiboli kuna ligi kubwa na ligi ndogo. Timu ya ligi ndogo hulelewa na timu kubwa, ambayo huwalipa wachezaji mishahara. Lakini uwanja, ambao ndio gharama nzito, mara nyingi huachiwa mji. Mji ukisita, timu hutishia kuhama. Richmond imeyaona hayo. Timu ya Richmond Braves ilikaa huko tangu 1966, na baada ya msimu wa 2008 ikaenda zake Gwinnett, jimbo la Georgia, ambako ilijengewa uwanja mpya kwa fedha za umma. Mwaka 2010 ikaja timu nyingine, Flying Squirrels, ikacheza katika uwanja ule ule wa The Diamond uliojengwa 1985. Uwanja ulikuwa umechakaa, na viongozi wakaingiwa na hofu ya kuachwa mara ya pili. Hofu hiyo twaielewa, ingawa hofu haijawa kamwe mshauri mwema wa mtu aliyekabidhiwa mali ya umma.

Novemba 2013 Meya Dwight Jones alitangaza mpango wa kuhamishia besiboli Shockoe Bottom, bonde lililo karibu na mto James. Ardhi ya The Diamond, ekari 60 hivi, ingeachwa wazi kwa biashara nyingine. Huko bondeni kungejengwa uwanja, hoteli, makazi na duka kubwa, na kando yake mahali pa kuukumbuka utumwa. Meya mwenyewe alikuwa Mmarekani mweusi na mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti. Twalitaja hilo kwa makusudi, ili asiwepo wa kudhani kwamba dhuluma hutambulika kwa rangi ya ngozi au kwa vazi la anayeitenda.

Shockoe Bottom ni mahali gani? Kabla utumwa haujakomeshwa mwaka 1865, Richmond ilikuwa soko kubwa la pili la watumwa nchini Marekani, ikitanguliwa na New Orleans tu. Katika bonde hilo palijaa nyumba za mnada, ofisi za madalali na vizuizi walimofungiwa binadamu wakingoja wanunuzi. Mwaka 2008 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua misingi ya gereza la mfanyabiashara Robert Lumpkin. Mary, mwanamke mtumwa aliyemzalia Lumpkin watoto, ndiye aliyeikodisha nyumba hiyo mwaka 1867 iwe shule ya watu waliowekwa huru, na katika shule hiyo kikachipuka Chuo Kikuu cha Virginia Union. Karibu na hapo pana makaburi ya Waafrika, na mahali palipokuwa na mti wa kunyongea. Gabriel, mhunzi aliyepanga maasi ya watumwa, alinyongwa Richmond mwezi Oktoba 1800. Kwa miaka mingi juu ya makaburi hayo magari yaliegeshwa. Ilihitaji wananchi kupiga kelele, kuandamana na kwenda mahakamani. Ndipo mwaka 2011 ardhi ikakabidhiwa jiji na lami ikaondolewa.

Watetezi wa mpango walikuwa na hoja, nasi hatuzifichi. Walisema jiji lina maskini wengi na lahitaji mapato. Walisema uwanja hautakanyaga gereza la Lumpkin wala makaburi yenyewe. Walisema bila fedha za uwanja, mahali pa kumbukumbu hapatajengwa kamwe. Tuzijibu moja moja.

Kuhusu mapato, wanauchumi waliochunguza viwanja vya michezo vya Marekani kwa zaidi ya miaka 30 wengi wao wana kauli moja: viwanja havirudishi fedha za umma zinazotiwa ndani yake. Mwananchi anayenunua tikiti leo ameacha kutumia fedha hizo katika mkahawa au duka la mtaani kwake. Fedha zimebadili mfuko tu. Tena timu ya ngazi hiyo hucheza nyumbani siku 70 hivi kwa mwaka. Siku nyingine zote lango limefungwa, na deni linaendelea kulipwa.

Kuhusu mipaka, sheria yatufundisha kwamba anayetaka kubadili hali ya mambo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Biashara ya kuuza watu haikufanyika katika kiwanja kimoja tu. Ilienea bondeni kote. Ilimpasa anayetaka kuchimba msingi wa uwanja athibitishe kwanza, kwa uchimbuzi wa kitaalamu, kwamba hakuna kitakachoharibiwa. Kuwaambia wananchi waidhinishe kwanza na ukweli utafutwe baadaye ni kuisoma hukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuuma zaidi. Ilimaanisha kwamba wafu wataheshimiwa iwapo tu mpira utachezwa ubavuni mwao. Wasomaji wetu walio kanisani wanamkumbuka Nabothi. Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa kuahidi: shamba lililo bora kuliko lile, au thamani yake kwa fedha. Nabothi alikataa kwa kuwa urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Ahadi nono ndiyo hatua ya kwanza ya mnyang'anyi mwenye adabu. Hivyo haki ya wafu kukumbukwa haikupaswa kuwekwa mezani kama kiungo cha kulainishia mpango wa biashara. Jiji lilidaiwa kumbukumbu hiyo hata kama hakuna timu itakayocheza tena Richmond.

Wananchi hawakunyamaza. Walihudhuria vikao vya baraza, wakakusanya saini, wakachora mpango wao wenyewe wa bustani ya kumbukumbu. Februari 2014 baraza lilipitisha azimio la kuunga mkono mpango uendelee, lakini halikuwa azimio lenye nguvu ya kulifunga jiji. Mei mwaka huo Meya aliuondoa mpango huo barazani, kura zikiwa hazitoshi. Juni, shirika la taifa la kuhifadhi mahali pa historia liliiweka Shockoe Bottom katika orodha ya mahali 11 palipo hatarini zaidi nchini Marekani. Hata hivyo wazo halikuwa limekufa, na Oktoba sauti moja ilitoka kwa mtu wa kwetu. Lupita Nyong'o, aliyekuwa ametwaa tuzo ya Oscar mwezi Machi kwa kumwigiza mtumwa Patsey, alimwandikia Meya akimsihi aache kuunga mkono ujenzi huo. Hakuwa mgeni aliyejiingiza. Solomon Northup, ambaye kisa chake cha kweli ndicho kilichosimuliwa na filamu ile, alizuiliwa Richmond mwaka 1841 akiwa njiani kupelekwa kuuzwa New Orleans.

Mwishowe uwanja haukujengwa bondeni. Jiji lilichagua kuujenga jirani na The Diamond, na ujenzi ukaanza mwaka 2024, kwa nia ya kuufungua msimu wa 2026. Mwaka huo huo wa 2024 jiji lilionyesha mpango wa kuihifadhi Shockoe, wa ekari 10 hivi. Basi wale waliosema hapatakuwa na kumbukumbu bila mpira walikosea, na waliosema hapatakuwa na mpira bila bonde nao walikosea.

Lakini tusishangilie tukasahau mfuko. Mei 2024 baraza liliidhinisha hati za mkopo za hadi dola milioni 170 kwa ajili ya uwanja mpya na miundombinu yake. Wananchi wameshinda shauri la mahali. Shauri la gharama bado liko mabegani mwao. Na ndivyo wenye nguvu wanavyopenda: watu wakichoka kwa vita vya kwanza, vya pili vipite kimya.

Kwa hiyo twaweka mbele ya kila mji unaoshauriana kuhusu uwanja masharti manne. Kwanza, ardhi ichunguzwe na matokeo yatangazwe kabla ya kura yoyote. Pili, mkataba wote kati ya mji na timu usomwe na wananchi, na wapewe muda wa kutosha wa kusikilizwa. Tatu, ijulikane kwa maandishi nani atalipa deni iwapo timu itahama. Nne, mahali pa wafu na pa kumbukumbu pasitumiwe kuuzia mradi mwingine wowote. Kiongozi anayeona masharti haya ni mazito atuambie ni lipi kati yake linalomwogofya, na kwa sababu gani.