Mbabula ya jirani ni mbabula yako

Ndugu mtumikaji, na wewe Mama unayelinda nyumba,

Baridi imerudi. Tangu mwezi wa tano mvula haionekani tena, anga ni wazi, na jua likizama joto lote la mchana linatuacha. Wageni wanafikiri kwamba nchi yetu ni ya joto tu. Hawajalala Kolwezi katika mwezi wa saba. Lubumbashi iko karibu meta 1.200 juu ya bahari, Kolwezi inapita meta 1.400, na katika miezi hii usiku unaweza kushuka chini ya digri 10. Ndani ya nyumba ya sementi isiyo na kitu cha kuipasha moto, hiyo ni baridi kweli.

Basi kila mtu anafanya nini? Anafunga. Anafunga dirisha, anaziba tundu la hewa kwa tambara, anaweka gunia chini ya mlango. Kisha anaingiza mbabula ndani, makala yakiwa mekundu vizuri, na watoto wanakaa kuizunguka. Kwa nyumba inayosimama peke yake hiyo ni hatari tayari. Lakini leo nataka kusema na ninyi mnaokaa katika nyumba za etaji, na katika zile nyumba zinazogusana ukuta kwa ukuta. Kwenu ninyi, mimi naona kwamba moto hauna mwenyewe mmoja. Nitawaambia kwa nini nasema hivyo, na sababu ya kwanza ni aibu yangu mwenyewe.

Katika mwezi wa saba wa 2022, baba mmoja alikuja kwangu kwenye dispanseri siku ya Jumanne. Kichwa kilimuuma tangu asubuhi, na moyo ulimchafuka. Alisema bibi yake na watoto wawili wanaumwa vilevile, na kwamba ikifika saa sita ya mchana wote wanapata nafuu. Nilimpima homa: hana. Nilimwekea kidoleni kile chombo kidogo kinachopima hewa safi katika damu: kikaonyesha 98. Vizuri sana. Nikampa vidonge vya kichwa, nikamwambia arudi kama haponi. Sikumuuliza hata neno moja juu ya moto anaolala nao.

Siku mbili baadaye, kabla ya saa moja ya asubuhi, walituita. Jirani yake wa etaji ya juu alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku. Kila asubuhi alizoea kukutana na yule Mama kwenye ngazi, akishuka na ndoo. Siku ile hakumwona. Mlango ulikuwa umefungwa, na redio ndani ilikuwa inasema peke yake. Akabisha hodi. Kimya. Alipanda kwake kulala, lakini usingizi ulikataa. Akashuka tena, akaita wengine, wakasukuma mlango. Walikuta baba amelala chini karibu na mlango, Mama hana nguvu ya kusimama, watoto wamelegea kama nguo iliyolowa. Katikati ya chumba, mbabula. Haikuwa na moshi hata kidogo.

Tuliwatoa nje, tukawapa oksijeni, tukawapeleka lopitali. Wote wanne walitoka wazima. Lakini Mama alikuwa na mimba ya miezi sita, na mimba ile ilipotea.

Nilipokwenda kuwaangalia, mwanamke anayekaa mlango wa pili aliniita pembeni. Aliniambia: "Niliwaona usiku wakiingiza mbabula na kufunga. Nikasema moyoni, si nyumba yangu." Alikuwa analia. Sikuwa na haki ya kumkemea. Yeye alinyamaza usiku mmoja. Mimi nilikuwa na yule baba mbele yangu, kwenye kiti, na nilinyamaza vilevile.

Sasa tuelewane juu ya adui huyu. Makala yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha, yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Kwa alama wanaandika CO. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Watu wengi wananiambia: "Mimi naacha moshi uishe kwanza nje, ndipo naingiza." Ndugu, hapo ndipo unapodanganyika. Moshi ulikuwa unakuonya. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa gesi ile, hata yakifunikwa na majivu.

Katika damu yetu kuna kitu chekundu kinachobeba oksijeni na kuipeleka kila mahali mwilini. CO inakishika kitu hicho kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama gari la abiria ambalo viti vyake vimekaliwa na wezi: gari linatembea, lakini abiria wamebaki barabarani. Kwa sababu hiyo kile chombo cha kidoleni kilinidanganya. Chenyewe kinaona gari limejaa tu. Hakijui nani amekaa ndani. Na mtoto aliye tumboni anaumia kupita mama yake, kwa sababu damu yake inaishika gesi hiyo na kuiacha polepole zaidi.

Wewe unayetumika chini ya udongo, jambo hili si geni kwako. Unajua kwamba hewa mbaya haionekani kwa macho, na hauingii mahali ambapo hewa haijapimwa. Zamani huko Ulaya wachimbaji wa makala ya mawe walishuka na ndege mdogo katika tundu. Mwanasayansi mmoja wa Uskoti, John Scott Haldane, alikuwa ameonyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba mnyama mdogo analegea mbele ya mtu, kwa sababu anapumua haraka. Ndege akianguka, watu wanatoka. Uingereza ndege hao waliachishwa kazi mwaka 1986 tu, vyombo vya kisasa vilipochukua nafasi yao. Ninashangaa kuona mtu anayekataa kushuka shimoni bila hewa kupimwa, akirudi nyumbani anafunga bibi na watoto wake pamoja na gesi ileile. Huko kazini kuna mkubwa wa usalama. Nyumbani mkubwa wa usalama ni nani?

Mimi nasema ni jirani.

Angalieni namna nyumba ya etaji ilivyo. Ngazi ni moja. Kolido ni moja. Matundu ya mabomba ya maji yanapita kutoka chumba hadi chumba, na mara nyingi hayakuzibwa vizuri. Ukiweka mbabula kwenye kolido na kufunga mlango wa nje kwa ajili ya baridi, gesi haiulizi ni nani aliyenunua makala. Inaingia chini ya kila mlango. Siku hizi umeme ukikatika, wengine wanawasha jenereta kwenye kolido au chini ya ngazi ili isiibiwe. Hiyo ni mbaya kupita mbabula. Jenereta inakaa nje kabisa, mbali na madirisha, ama haiwaki.

Najua majibu yenu, kwa sababu nimeyasikia yote.

Wa kwanza anasema: "Munganga, unataka watoto wangu wafe na baridi?" Hapana. Pashe nyumba moto jioni, wakati watu wote wako macho, dirisha limeachwa wazi kiasi cha upana wa mkono na mlango haukuzibwa. Mkisha kula bukari yenu ya moto, mbabula inatoka, watu wanaingia katika blanketi. Watoto walale pamoja, wavae soksi na kofia. Maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa nguo yanapasha kitanda bila kuua mtu.

Wa pili anasema: "Mimi naweka beseni la maji karibu na moto, maji yanakunywa gesi." Si kweli. Maji hayakamati CO. Beseni hilo litakusaidia kunawa uso tu.

Wa tatu anasema kweli, na huyu tumsikilize: "Nikiiacha mbabula nje, asubuhi siikuti. Na makala ni bei kali." Hii ndiyo sababu kubwa, na wakubwa wengi wanaotoa mashauri hawaijui. Mama haingizi mbabula kwa ujinga, anaogopa mwizi. Na ni nani anayeiba mbabula katika nyumba yenye mlango mmoja? Mara nyingi ni mtu wa ndani, au mtu aliyepita mbele ya macho ya watu wa ndani. Basi dawa ya jambo hili haiko katika sanduku langu la dispanseri. Iko katika mapatano yenu. Chagueni mahali pamoja uani, penye paa na hewa, mbali na milango na madirisha. Kila mbabula iwe na alama ya mwenyewe. Makala yaliyobaki yazimwe kwa udongo au kwa kifuniko cha chuma, yatatumika kesho. Watu wapokezane kulinda, na anayeshika zamu apite jioni kwa kila mlango na kuuliza neno moja tu: "Moto umetoka?"

Wa nne anasema: "Hiyo ni kuingilia mambo ya watu." Hapa sikubali. Kuna mambo ya watu ambayo hayakuhusu: wanakula nini, wanagombana juu ya nini, nani amewatembelea. Hayo yaache. Lakini hewa mnayopumua pamoja si siri ya mtu. Mzee wetu wa zamani kijijini alipoona moto unakaribia nyasi za nyumba ya mwenzake, hakuuliza kama ameitwa. Etaji haikubadilisha jambo hilo. Imeweka nyumba zetu karibu zaidi kuliko za kijiji.

Na heshima iwe pande zote mbili. Anayebisha abishe vizuri, asitangaze aibu ya mwenzake kwenye bomba la maji. Anayebishiwa asikasirike, ajibu "Asante, jirani", hata kama amekwisha kulala. Ambaye zamu yake ni ya usiku analala mchana, na wakati wa baridi madirisha yakifungwa sauti ya watoto inalia katika ngazi kama katika pipa: tumhurumie, tuwapeleke watoto uani kwenye jua. Naye akumbuke kwamba yeye ndiye anayerudi asubuhi wakati wengine wamelala bado. Macho yake ni ya faida kwa nyumba nzima. Yule mtu wa zamu niliyewaambia hakuwa na chombo chochote mkononi. Alijua tu kwamba Mama fulani anashuka na ndoo saa fulani. Kumjua jirani kiasi hicho kuliokoa watu wanne.

Sasa shikeni haya kichwani, na muwasomee wasiojua kusoma:

Kama watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanasikia kizunguzungu, wanatapika, miguu haina nguvu, na wakitoka nje wanapata nafuu, msiseme ni malaria peke yake. Fikirini moto kwanza.

Ukimkuta mtu amelegea ndani, fungua mlango na madirisha yote mara moja, umtoe nje. Usikae ndani kumwamsha, wewe pia utaanguka. Ita watu kwa sauti. Akiwa hapumui na unajua kumpulizia hewa, fanya hivyo, nje. Mbabula itolewe na mtu mwenye nguvu, baada ya wagonjwa.

Bisha kwa majirani wa juu, wa chini na wa kando. Pengine nao wamelala ndani ya gesi ileile.

Mlete mgonjwa kwetu hata akisema amepona. Katika hewa ya kawaida gesi inatumia saa nyingi kutoka katika damu. Kwa oksijeni inatoka upesi zaidi. Mwanamke mwenye mimba asingoje hata kidogo.

Na ukifika kwenye dispanseri wakati wa baridi, utuambie wewe mwenyewe: "Tunalala na moto ndani." Usingoje kuulizwa. Mimi siku hizi nauliza kila mtu anayekuja na kichwa, kabla ya kushika kalamu. Lakini msaidizi anaweza kuchoka, watu ni wengi mlangoni, na chombo cha kidoleni kinaweza kuonyesha 98.

Jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango wako, tazama mlango wa mbele yako. Ukiona mwanga mwekundu chini yake, piga hodi. Ukikosea, utakuwa umemwamsha jirani bure, na kesho mtacheka pamoja. Yule mwanamke wa mlango wa pili angependa sana kuwa amekosea hivyo.

Mlale salama, nyote.